Algerian, herufi yenye kivuli

Kuna fonti moja ambayo madizaina vijana wa Kampala wameamua kuionea aibu, na mimi nataka kuitetea. Inaitwa Algerian. Hata kama hujawahi kulisikia jina hilo, umeiona: kwenye kadi ya harusi uliyoletewa mlangoni, kwenye cheti cha chekechea cha mwanao, kwenye bango la mahafali lililofungwa mbele ya hema la jirani, kwenye kioo cha nyuma cha taksi, yaani basi dogo la abiria, iliyokukatia njia pale Wandegeya. Ni herufi nene, zote kubwa, zenye ncha zilizochongoka, na kila moja ina kivuli upande wa kulia na chini: mstari mwembamba unaoifuata herufi kila inapopinda, ukitenganishwa nayo na uwazi mdogo.

Mimi ni dizaina wa Nasser Road. Asiyeijua Kampala nimwambie kwamba huo ni mtaa ambao karibu kila mlango ni wa uchapaji: kadi, vitabu vya risiti, kalenda, mihuri, mabango, vyeti, mabahasha. Nkrumah Road iko jirani, na kutwa nzima watu wanavuka huku na huku na rimu za karatasi begani, kwa sababu mwenye kompyuta siye mwenye mashine, na mwenye mashine siye mwenye kisu cha kukatia. Kazi moja hupita mikono mingi kabla ya kufungwa kwenye boksi. Kwa hiyo fonti kwetu huwezi kuipenda kwenye skrini tu ukaishia hapo. Lazima ujue itafanywa nini na kila mkono utakaoigusa.

Mteja akija hasemi Algerian. Husema, "Dada, niwekee ile ya kivuli," au "ile ya vyeti." Wazee wanaoleta kazi za Maulidi kutoka upande wa Kibuli huiita "ile ya Kiarabu." Nawaelewa wanaoisema hivyo, lakini fonti hiyo haina Uarabu wala Ualgeria wowote ndani yake. Ilitoka Sheffield, Uingereza, mji wa visu na chuma, kwenye kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake kilichoanza kazi 1818. Algerian yenyewe ilitokea mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Algeria ikiwa chini ya Ufaransa, na wenye viwanda vya herufi wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuzipa bidhaa zao majina ya nchi za mbali ili zivutie. Zile herufi nene za miguu ya mraba waliziita za Kimisri katika karne ya 19, na hakuna Mmisri aliyezichora.

Kivuli nacho ni cha zamani kuliko Algerian. Vincent Figgins, mtengeneza herufi wa London, alikuwa anauza herufi zenye kivuli tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Miji ilikuwa imeanza kujaa mabango, na kila mwenye tangazo alitaka la kwake lionekane kabla ya la jirani. Wachongaji wa noti na hati za hisa nao walipenda mistari ya kivuli, kwa sababu ilionyesha kazi ya mkono wa fundi na ilikuwa vigumu kuiga. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiona herufi yenye kivuli juu ya karatasi anahisi karatasi hiyo ina thamani. Mteja wangu anayesema "ile ya vyeti" hajui habari za wachongaji wale, lakini jicho lake limerithi.

Miaka ya 1980 Letraset, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa karatasi za herufi za kubandika kwa kusugua, iliifufua Algerian. Baadaye ikaingia ndani ya programu za Microsoft, na kufikia Office 97 ilikuwa tayari mle. Kompyuta zilizotumika zilipoanza kushushwa Kampala kwa wingi, Algerian ilishuka nazo. Hakuna aliyeitafuta wala aliyeilipia peke yake. Ilikuwa pale pale, tena karibu na kileleni mwa orodha, kwa sababu orodha hupangwa kwa alfabeti: Agency FB, halafu Algerian, halafu Arial. Msichana wa kwenye kibanda cha kuchapisha barua aliyeombwa aweke "mwandiko mzuri" hakuhitaji kushuka mbali.

Basi wapo wanaosema ndiyo sababu pekee: ilikuwa karibu, ikachukuliwa. Mimi sikubali. Agency FB iko juu yake kwenye orodha hiyo hiyo, na katika miaka yangu yote Nasser Road sijapata mteja aliyeitaka kwa harusi ya bintiye. Watu walichagua. Waliiona Algerian wakakuta ndani yake kitu walichokwisha kukijua, na mimi najua walikijulia wapi, kwa sababu nimelelewa na mtu aliyekuwa anakitengeneza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mchora mabango Arua. Arua siku hizo haikuwa jiji kama ilivyo tangu Julai 2020. Ilikuwa mji wa soko, wa malori, wa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo wakiongea Kilingala na Kiswahili, wenyeji wakiongea Kilugbara, na Wanubi wakiongea Kinubi. Mabango ya mjomba yalikuwa ya kinyozi, ya bucha, ya duka la dawa, ya fundi cherehani, na mengi yalikuwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo mnunuzi na muuzaji wangekutana kati. Nilikuwa namshikia kopo la rangi.

Alianza kwa kupiga mistari miwili kwa kamba iliyopakwa chaki. Akachora herufi kwa penseli, akajaza rangi ya mafuta, akaacha ikauke. Kesho yake ndipo alipochukua brashi nyembamba na kuweka kivuli. Jua, alinifundisha, liko juu kushoto daima, hata kama ukuta unatazama kaskazini. Kwa hiyo kivuli kinaangukia kulia na chini, kwenye kila herufi, bila kubadilika. Na kivuli chake hakikugusa herufi. Aliacha uwazi mwembamba wa rangi ya ukuta katikati. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ukigusanisha, mkono ukitetemeka kidogo umeharibu vyote viwili. Ukiacha nafasi, ukuta unakusaidia."

Nilipokuja kuiona Algerian kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza niliitambua kwa ule uwazi. Kivuli kulia na chini, na katikati karatasi inapumua. Waliochonga kule Sheffield na mjomba wangu kule Arua hawakuwahi kusikiana, lakini walikuwa wanafanya kazi ile ile, ya kuifanya herufi isimame mbele ya ukuta. Na Uganda nzima ilikuwa na wachora mabango wa namna hiyo. Macho ya watu yalikuwa yamezoea kwamba bango la mtu anayejiheshimu lina kivuli. Brashi ilipoanza kuachwa na kompyuta kuchukua nafasi, ni fonti gani katika ile orodha iliyokuwa na kivuli tayari, bila mtu kuhangaika kukitengeneza? Hapo ndipo palipo jibu, kwa maoni yangu.

Sasa tuingie kazini kwenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoikosea.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Zamani herufi ilikuwa kipande cha risasi kilichochanganywa na madini mengine, na kila ukubwa ulikuwa na matirisi zake, yaani kalibu za kumiminia herufi. Fundi akitengeneza ukubwa mdogo aliweza kuuongezea nafasi na kunenepesha mistari myembamba ili isikatike kwenye karatasi. Kompyuta haifanyi hivyo. Ina mchoro mmoja tu, inaukuza na kuupunguza. Ukiipunguza Algerian, kivuli kinakuwa unywele, na ule uwazi unakuwa unywele wa unywele, mpaka vinapotea na herufi inabaki na kingo chafu ambazo msomaji hajui ni za nini. Mimi siiweki chini ya pointi 30 kwenye karatasi. Mteja akibisha namchapishia kipande, nampa mkononi, namwacha aangalie mwenyewe.

Kwenye bango la flex ndiko inakofurahi. Pale mashine inanyunyiza wino kwenye plastiki pana, herufi ina urefu wa mkono wa mtu mzima, kivuli kinapata unene wake, na ukikipa rangi yake mwenyewe linasimama bango ambalo mtu wa boda boda anaweza kulisoma bila kupunguza mwendo. Wenye mabango wana kanuni ya mkono: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali ili isomeke vizuri. Kwa Algerian mimi naongeza karibu nusu juu ya hiyo, kwa sababu kwa mbali kivuli na herufi huanza kuungana na ule uwazi ndio wa kwanza kuzama.

Kwenye mashine ya ofseti ni nzuri pia, mradi rangi iwe moja. Nasser Road tuna Heidelberg GTO nyingi zilizokuja zikiwa zimekwisha kufanya kazi Ulaya, na bado zinapiga chapa safi kabisa mikononi mwa fundi anayezijua. Lakini mashine ya rangi moja ukiipitisha karatasi mara mbili, herufi nyekundu kwanza kisha kivuli cha dhahabu, karatasi ikihama hata kidogo sana kivuli kinakanyaga herufi upande mmoja na kukimbia upande wa pili. Ndugu zangu mafundi wanalalamika, nao wana haki. Mteja akitaka rangi mbili mimi huufungua mchoro kwenye CorelDRAW, programu ya kuchorea, na kuupanua ule uwazi kabla ya kutoa pleti, yaani bamba la kuchapia, ili mashine ipate nafasi ya kukosea bila mtu kuona.

Muhuri sahau. Najua maofisi mengi, na hata wenyeviti wa elsii, yaani mabaraza ya mitaa, wanapenda muhuri wenye jina kwa Algerian, kwa sababu unaonekana wa serikali. Lakini muhuri ni mdogo, mpira unanywa wino, na baada ya wiki chache uwazi wote umejaa. Kinachobaki ni doa jeusi lenye tarehe katikati. Barua ya utambulisho ambayo mtu anaipeleka benki haifai kuwa na doa. Pale mimi naweka herufi ya kawaida isiyo na mapambo na simwulizi mtu.

Sweta za shule nazo vivyo hivyo. Sindano ya mashine ya kudarizi haiwezi kushona mstari mwembamba kiasi hicho bila kuukunja. Fulana inategemea: kwenye wavu wa kuchapia, wino mweupe juu ya fulana nyeusi huvimba kidogo na kula uwazi, ila herufi ikiwa kubwa kifuani inapita.

Stika za taksi zinahitaji maelezo yake, maana ndizo ninazozipenda kuliko kazi nyingine zote. Taksi zetu ni nyeupe zenye mkanda wa miraba ya buluu, zote zinafanana, kwa hiyo kioo cha nyuma ndipo mwenye gari anaposema yeye ni nani. MUNGU NI MWEMA. SUBIRA. MAMA NISAMEHE. Mashine ya kukata stika inakata umbo, halafu sisi kwa kibanio tunachokonoa vipande visivyotakiwa, kimoja kimoja. Algerian ikikatwa nzima, kivuli kinakuwa uzi, uzi unanyanyuka kwenye kona, vumbi linaingia chini yake, na kabla ya msimu wa mvua kwisha herufi zimeanza kumwaga vivuli vyake njiani. Dawa yake ninayo. Nageuza maandishi kuwa mchoro, navunja vipande, nafuta kivuli chote. Kinachobaki ni mwili wa herufi peke yake, nao ni mzuri ajabu. Ukiuvua kivuli ndipo unauona: ncha zake kali, unene wake unaojaa na kukonda, ule ubishi wa herufi isiyotaka kufanana na ya kitabuni. Kisha nakata stika ya pili ya rangi nyingine, ile ile lakini nzito kidogo, naibandika hiyo kwanza, imesogea kulia na chini, halafu ya juu inafuata. Kivuli kimerudi, kinene, cha mjomba kabisa, na kinadumu mpaka gari linauzwa.

Ukitoka kwenye mashine, linabaki swali la kiasi. Algerian haina herufi ndogo. Chochote utakachobonyeza kinatoka na umbo la herufi kubwa. Kwa hiyo haiwezi kubeba sentensi. Nimeona programu nzima ya mazishi imeandikwa kwa Algerian, wasifu wa marehemu tangu kuzaliwa, shule alizosoma, watoto aliowaacha, na wafiwa wameishika mbali na macho wakijaribu kuisoma chini ya mwembe. Hilo liliniuma. Aliyeipanga hakuwa na nia mbaya, alitaka kumheshimu marehemu kwa herufi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Lakini gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, huvaliwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Halivaliwi shambani kupalilia muhogo. Kwenye kadi ya kwanjula naiweka kwa majina ya wawili tu, au kwa lile neno la juu. Tarehe, mahali, namba ya simu ya mwenye kamati, rangi za mavazi, vyote vinakwenda kwenye herufi tulivu, maana hivyo ndivyo vitu ambavyo mgeni akivikosea atapotea Mukono wakati karamu iko Mityana.

Neno lenyewe nalo lina lake. Kiswahili kimejaa A, na A ina mabega yaliyoinama: ikikaa kando ya T au V inaacha pengo. Kwenye fonti ya kawaida unazisogeza karibu, mambo yamekwisha. Kwenye Algerian ukisogeza, kivuli cha herufi ya kushoto kinapanda juu ya herufi ya kulia. TAMASHA linanipa kazi kila mara: lazima nisogeze, kisha nikate kivuli cha T pale kinapogusa mguu wa A, kwa mkono, nukta kwa nukta. HARUSI inakaa vizuri bila kuguswa. KARIBUNI inapendeza kuliko yote, sijui kama kuna neno lililozaliwa kwa ajili ya fonti hii kuliko hilo.

Vijana wanaotoka vyuoni wananiambia, kwa heshima, "Mama, hiyo imezeeka." Wanasema kila mtu anaitumia, na kwamba dizaina wa kweli anatumia herufi nyembamba, safi, zenye nafasi kubwa nyeupe. Mimi nawapenda vijana hao, na kazi zao nyingine nazionea fahari. Lakini nawauliza: safi kwa nani? Mama wa Nakawa aliyejinyima mpaka binti yake akamaliza Makerere, chuo kilichokuwepo tangu 1922 na ambacho katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukikanyaga, anataka bango lipige kelele. Ana haki ya kelele hiyo. Herufi nyembamba ya kijivu katikati ya nafasi nyeupe inamwambia anyamaze siku ambayo hapaswi kunyamaza.

Na hapa kuna jambo linalonisumbua zaidi. Vijana hao hao, wakipata kazi ya kampuni ya utalii, bila kuwaza mara mbili wanachukua Neuland au Lithos, kwa sababu "zina Uafrika." Angalia mabango ya safari barabara ya Entebbe, uone. Neuland ilichongwa na Rudolf Koch, Mjerumani wa Offenbach, ikatoka 1923. Aliichonga moja kwa moja kwenye chuma bila kuichora kwanza, ndiyo maana ni nzito na ya kikatili kidogo, na ni kazi kubwa ya fundi mkubwa. Lithos ilichorwa na Carol Twombly wa Marekani, ikatoka 1989, na aliitoa kwenye maandishi ya mawe ya Ugiriki ya kale. Ujerumani na Ugiriki. Halafu sinema na vifuniko vya vitabu vya huko nje vikazitumia kwa simba na misitu mpaka dunia ikaamini hivyo ndivyo Afrika inavyoandika. Sisi hatujawahi kuandika hivyo. Nenda kwenye harusi yoyote Uganda, kwenye mahafali yoyote, kwenye kigango au msikiti wenye sherehe, uangalie tulichokichagua wenyewe bila mgeni kutazama. Utakuta kivuli kiko kulia na chini.

Wenzake Algerian wa kwenye orodha ile nawataja kwa haraka, maana sina ugomvi nao. Jokerman, yenye nukta na vidoti, ya 1995, imeolewa na shule za chekechea na inawafaa. Curlz ya mwaka huo huo, yenye mikia iliyojikunja, ni ya keki na siku za kuzaliwa. Chiller niliitumia kwa dawa ya panya na ikafanya kazi yake. Lakini hizo ni za kuchekesha au kutisha. Algerian peke yake ndiyo inayoweza kusherehekea na bado ikabaki na adabu.

Upungufu wake mkubwa ni mwingine, na ndio ninaoushughulikia sasa. Luganda ina herufi ŋ, na faili ya Algerian niliyo nayo haina. Mtu akiandika EŊŊOMA, kompyuta inaiba herufi hiyo kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno lenye vivuli linatokea jozi la herufi nyembamba zisizohusika, zimesimama uchi. Wengi wanakwepa kwa kuandika ng', lakini kuna wateja, hasa walimu na watu wa kwaya, ambao wanataka lugha yao iandikwe ilivyo, nami nawaunga mkono. Kilugbara nacho kinahitaji alama ya juu mbele ya herufi, kama 'ba, yaani watu. Kompyuta ikiiona alama hiyo mwanzoni mwa neno inadhani unafungua nukuu na kuigeuza. Kwenye herufi ndogo ya kitabu pengine hakuna atakayeona. Kwenye Algerian ya ukubwa wa bango, alama iliyogeuka inageuka pamoja na kivuli chake, na mtu wa Arua anaiona akiwa ng'ambo ya barabara. Hiyo ni rahisi: unaifuta, unabandika alama ya kufungia nukuu, basi.

Ŋ ndiyo iliyotaka kuchorwa. Nilianza na N, nikaigeuza kuwa mchoro, nikachukua mkia wa J na kuuunga kwenye mguu wa kulia chini. Mkia ulikuja vizuri. Kivuli ndicho kilichonishughulisha, kwa sababu mkia wa J unapinda kwenda kushoto, na kwenye mpindo ule kivuli cha chini kinakutana na cha kulia. Ukikiacha kinavyokuja kinajaa tope. Nikakifanya kikonde kuelekea ncha, kiishe kabla mkia haujaisha, kama ambavyo brashi ingekwisha rangi. Nimeiweka kwenye jalada la programu ya kwaya moja ya Mengo, ŋ mbili zikifuatana kwa urefu wa sentimita 4, na imechapika bila kujaa. Sasa nachora ya pili yenye mkia mfupi zaidi, kwa ajili ya mistari inayobanana. Dizaina yeyote wa huku anayeihitaji aje na flashi yake, nitampa ule mchoro bure.